Kukimbia Bila Kukimbizwa

Huku Likoni, mtu mzima akionekana anakimbia huulizwa moja kati ya mambo mawili. Akielekea majini, huulizwa kama feri imeshafika. Akiyapa maji mgongo, huulizwa ni nani anayemkimbiza. Swali la tatu halipo. Asiyeingia katika hayo mawili huhesabiwa kuwa ametumwa na daktari, au kichwa chake kinahitaji kusomewa dua.

Mimi ni katika hao wasio na swali lao. Jumapili nyingine, tukishaswali alfajiri, sisi watu wachache wa mtaa mmoja hupanda matatu hadi Kombani, pale barabara ya Kwale inapoiacha ile ya Ukunda. Hapo tunashuka, tunakaza kamba za viatu, na kuanza kuukimbilia mlima. Yuko mwalimu wa shule ya msingi, yuko dereva wa tuktuk, yuko mmoja anayefanya kazi bandarini kwa zamu, na yuko dada mwenye duka la vyakula ambaye hutuacha sote kwenye mwinuko. Barabara huanza kama mzaha katikati ya minazi na mikanju, kisha mlima unakumbuka kwamba ni mlima. Mji wa Kwale, kwenye bega la Shimba, uko karibu mita 400 juu ya bahari, na mtu aliyezaliwa na kulala pwani hazipati mita hizo kwa bei nafuu. Hewa ya alfajiri ni nzito. Jasho halikauki, linamwagika tu. Tukifika juu hatupewi chochote. Hakuna nishani wala bahasha, na hakuna anayeandika dakika. Tunakunywa chai na mahamri, halafu tunateremka.

Njiani kuna mzee ambaye hupenda kukaa nje ya nyumba yake saa hizo, redio pajani. Mara ya kwanza aliponiona nimebaki nyuma ya wenzangu, nahema kama mgonjwa wa pumu, aliniita.

"Wakimbizwa ni nani, mwanangu?"

"Hakuna, babu. Nakimbia tu."

"Basi pole."

Haikuwa pole ya dhihaka. Ilikuwa ile anayopewa mtu aliyelazwa. Na kwa kuwa mzee yule si mjinga, nami sikuwa na jibu la kumpa, nimelibeba swali lake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Jibu la haraka ni afya. Siku hizi kila nyumba ya pwani ina mtu wa sukari au wa presha, na kliniki zote zinaimba wimbo mmoja: punguza mafuta, tembea. Lakini daktari hakusema upande mlima. Mwendo wa nusu saa kwenye tambarare ungetosha, na ukivuka kwenda kisiwani kuna bustani ya Mama Ngina, pametengenezwa vizuri, pana upepo wa bahari na mahali pa kukalia. Mlima wa Kwale unazidi kipimo cha dawa. Tena unakula magoti. Anayesema anaupanda kwa ajili ya afya bado hajaeleza nusu ya juu ya mlima.

Jibu la pili ni la Wakenya wote, nalo ni riziki. Tangu Kipchoge Keino achukue dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, na hasa tangu mbio zilipoanza kulipa fedha za kujengea nyumba, nchi hii imeizoea miguu ya mtu wa Iten au Kaptagat kama wengine walivyozoea kisima cha mafuta. Mkenya akikimbia, anatafuta. Huku pwani hatumo katika hesabu hiyo. Joto letu halikuzi wakimbiaji, na wakati mwingine linawaangusha hata wakubwa wao. Tarehe 24 Machi 2007, kaskazi ikimalizikia na kusi bado haijafika, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika kwenye uwanja wa gofu, ng'ambo tu ya mkondo kutoka Likoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo kila mwaka tangu 2002. Siku ile joto lilimtoa njiani kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na ushindi. Wengine wengi hawakufika mwisho pia.

Nimemfikiria Bekele mara nyingi kwenye kona za Kwale. Kuacha kwake kulikuwa na akili: mwili ni mtaji, na mtaji hauteketezwi kwa siku moja mbaya. Mwanariadha wa kulipwa ana sababu nzuri ya kukimbia, na kwa hiyo anaweza kupata sababu nzuri ya kuacha. Sisi wa ridhaa tuna taabu ya peke yetu. Hatuna sababu nzuri ya kusimama katikati ya mlima, kwa vile hatukuwa na sababu nzuri ya kuuanza.

Basi mbona?

Nadhani ugumu wa swali unatokana na mji wenyewe. Mji wa bandari hufundisha watu wake namna moja ya kufikiri: kila kinachosogea kina mwenyewe, kina karatasi, na kuna mahali kinapotakiwa kufika. Kontena linaposhuka Kipevu, jina la mpokeaji limeshaandikwa kabla halijagusa nchi kavu. Mtu anayekimbia kupanda mlima bila kutumwa ni kama shehena isiyo na mpokeaji, na shehena ya namna hiyo lazima izuiwe ihojiwe. Mzee wa njia ya Kwale alikuwa akifanya kazi ya forodha.

Na mbio za kweli za huku, zile kubwa kabisa, zina karatasi zote. Feri ya Likoni imekuwa ikivusha watu tangu 1937, na hesabu inayotajwa siku zote na wahusika ni kwamba waendao kwa miguu hupita 300,000 kwa siku. Simama pale juu ya mteremko saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utaona akina mama wameshika ndara mkononi, wanafunzi na mikoba, wafanyakazi wa viwanda vya Changamwe na Shimanzi, wote wanautimka mteremko kuelekea lango linalokaribia kufungwa. Upande wa kisiwa wanaupanda mwinuko kwa mbio zile zile ili wapate matatu. Ni mbio za mlima kwa kila kipimo: kuteremka kwa kasi, kupumzika kidogo juu ya maji, kupanda. Hakuna mashindano katika Kenya yanayoleta washiriki wengi hivyo. Kibarua akichelewa, anakuta wenzake wameshahesabiwa na siku yake imekufa. Nimezikimbia mbio hizo miaka mingi, nami nakiri kwamba miguu ni ile ile, mapafu ni yale yale, na jasho halina tofauti. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika ng'ambo akasema, leo nimekimbia vizuri.

Kwa nini hatusemi? Kwa sababu saa haikuwa yetu. Mbio za feri zinapimwa na mwenye kiwanda. Ukiwahi, umeepuka hasara tu, na kuepuka hasara hakumpi mtu cha kusimulia jioni.

Hapa lazima niseme habari ya Waingereza, kwa sababu wao wameupeleka upuuzi huu mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kaskazini mwa nchi yao kuna milima isiyo mirefu kwa vipimo vyetu vya Afrika Mashariki, lakini ni mikali, ya mawe yanayoteleza, nyasi zilizolowa na ukungu unaoshuka bila kubisha hodi. Mwezi Juni 1932, mtu mmoja wa Keswick aliyekuwa na nyumba ya wageni, Bob Graham, alitoka mbele ya jumba la mji wake, akavipitia vilele 42, akarudi mlangoni pale pale kabla ya saa 24 kutimia. Hakukuwa na zawadi. Ilichukua hadi mwaka 1960 kwa mtu wa pili kufanya hivyo. Leo kuna klabu inayoandikisha wanaofaulu, na sharti lake ni moja la ajabu: kila kilele uwe na shahidi wa kusema kwamba ulifika. Tuliweke sharti hilo pembeni kwa sasa. Nitalirudia.

Anayenivutia zaidi katika historia yao ni Joss Naylor, mchunga kondoo wa bonde la Wasdale. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya mzunguko wa siku moja. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 70, alikimbia vilele 70. Alifariki 2024. Mtu huyu kazi yake ilikuwa mlima. Wiki nzima alipanda akifuata kondoo, kwa mvua na theluji, kisha siku aliyoweza kupumzika akapanda tena bila kondoo. Kama mbio za ridhaa ni starehe ya wasio na kazi, Naylor anaharibu hoja.

Ila hoja yenyewe si nyepesi, na siwezi kuizika chini ya Mwingereza mmoja. Ukitoka Makupa kwenda Changamwe barabara inapanda, na mara nyingi utamkuta hapo kijana wa mkokoteni, kifua kimelala juu ya mpini, magunia nyuma yake, malori ya kontena yakimpulizia moshi usoni. Nilipita hapo siku moja na nguo zangu za mbio. Mmoja wao alipumzika akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Nyinyi mna nguvu za kutupa." Sikupata la kumjibu. Nguvu alizonazo yeye zina bei kila asubuhi, na zikibaki chache jioni ni za kumfikisha nyumbani Chaani.

Tena ana historia upande wake. Klabu ya riadha iliyoanzishwa London mwaka 1866 ilipoandika ni nani anayestahili kuitwa mwanamichezo wa ridhaa, ilimtoa waziwazi fundi, mtu wa kazi za mikono na kibarua. Sharti hilo lilifutwa 1880, chama cha taifa cha riadha kilipoundwa, lakini uzio ulikuwa umeshasimama vichwani mwa watu. Wachungaji na waongoza wageni wa milimani, ambao walikuwa wakishindania fedha kidogo kwenye sherehe za vijiji vyao, waliendelea kwa miaka mingi kuzuiwa kukimbia na watu wa ridhaa. Yaani kukimbia bure kulikuwa ni cheo. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisifu mbio zisizo na malipo kana kwamba ni usafi wa moyo, humuuliza kwanza nani analipa kodi ya nyumba yake.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978 kiitwacho The Grasshopper, alieleza mchezo kuwa ni kujitakia vikwazo ambavyo mtu angeweza kuviepuka. Matatu za Kwale zipo, nauli si kubwa, sisi tunaenda kwa miguu: huo ni mchezo kwa tafsiri yake. Ni maelezo safi na nayakubali. Ila yanasema mchezo ni nini, hayasemi mtu aliyechoka kwa vikwazo vya lazima anatafuta nini katika vya kujitakia. Kwa hilo nimepata msaada mahali pengine, karibu zaidi na nyumbani.

Waislamu tunazijua mbio za milima kuliko tunavyodhani. Bibi Hajar aliachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea. Maji yalipokwisha alipanda Safa atazame kama kuna msafara, akateremka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa atazame upande wa pili, akarudi. Mara saba. Ni mbio zenye sababu kuliko zote: mtoto anakufa kwa kiu. Leo anayehiji au kufanya umra hupita hapo hapo, kutoka kilima hadi kilima, mwendo wa mita 450 hivi kila upande, na kwenye sehemu yenye taa za kijani wanaume huongeza mwendo kidogo. Wanawake hutembea, ingawa aliyekimbia alikuwa mwanamke. (Dada yetu wa duka hulitaja hilo kila anapotungojea juu ya mlima, na hatujapata wa kumjibu.) Hakuna mwenye kiu katika umati ule. Maji ya Zamzam yapo kando ya njia, baridi, na vikombe juu yake. Haja ya Hajar imeondoka karne nyingi, mbio zimebaki, na hakuna muumini anayesema kwamba zimebaki tupu.

Sisemi kwamba kupanda Kwale ni ibada. Masheikh wasinitafute. Ninachosema ni kwamba kukosa haja si kukosa maana, na sisi tuliolelewa na kisa hiki hatuna udhuru wa kuyachanganya mawili hayo. Liko pia jambo la pili ndani yake ambalo hunishika zaidi kadiri ninavyozeeka. Maji hayakutokea Safa wala Marwa. Yalitokea bondeni, alipokuwa amelala mtoto. Kule alikokimbilia hakukuwa na kitu. Juhudi yake haikuwa fedha iliyonunua maji, kama kwamba mizunguko saba ndiyo bei na sita isingetosha. Alitoa alichokuwa nacho, na alichopewa kikaja kutoka upande mwingine. Mji unaoamini kwamba kila jasho lina risiti yake ungefanya vyema kukitafakari kisa hiki nje ya msimu wa hija.

Nilijaribu kumweleza mzee haya. Nilimwongezea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, Bibi Aisha akashinda, na baadaye, mwili ulipokuwa umemwongezeka, wakarudia na yeye Mtume akashinda. Hakukuwa na adui, hakukuwa na windo, hakukuwa na tuzo. Mzee alizima redio. Alifikiri kidogo.

"Wale walikuwa wawili," akasema. "Wewe wakimbia na nani?"

Ndipo niliporudi kwenye lile sharti la Waingereza. Kwa muda mrefu nililiona kuwa ni urasimu: mtu amekwisha kupanda mlima, shahidi wa nini? Sasa naona ndilo moyo wa jambo lote. Anayefuatana nawe hadi kileleni, kwa ukungu na usiku, akakubebea maji na mkate, hakuulizi kwa nini unapanda. Angekuwa wa kuuliza, asingekuja. Yeye anaona tu kwamba umefika. Kati yetu sisi wa Kombani hakuna anayeshika saa, lakini kila mmoja anajua ni nani aliyetembea kwenye ile kona ya mwisho na ni nani aliyetapika akaendelea. Mambo hayo hayana thamani kwa mtu mwingine yeyote duniani. Kwetu sisi yana uzito, na uzito huo hautoki mlimani wala miguuni. Unatoka kwa wenzako waliokuona na hawakukuhoji.

Fikiria siku ya mtu wa huku bara ya Mombasa ilivyo. Askari wa lango la bandari anauliza kitambulisho. Msimamizi anauliza ulikuwa wapi. Mwenye nyumba anauliza lini. Kondakta anauliza unashuka wapi. Mtu anaweza kuishi wiki nzima akihojiwa asubuhi hadi usiku, na asishuhudiwe na mtu hata mara moja. Saa mbili za mlima zinampa kile alichokosa. Ndiyo maana Naylor alipanda tena siku ya mapumziko, nadhani. Kondoo nao huhoji: wanataka malisho, wanataka kuhesabiwa. Na ndiyo maana pia kijana wa mkokoteni ana haki ya kunicheka. Yeye hapandi peke yake kwa kupenda, na hakuna anayemshuhudia. Malori yanampigia honi.

Kuteremka nako kuna ushahidi wake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na wakimbiaji wa milima ya Uingereza watakwambia vivyo hivyo, kwamba wengi hushinda au kushindwa wakati wa kuteremka. Kuna uoga fulani ambao hauonekani wakati wa kupanda kwa sababu uchovu umeufunika. Barabara ya Kwale ikianza kukuvuta chini, goti linataka breki na kichwa kinataka kuachia. Mwalimu wetu, mtu mpole asiyeweza kumfokea mtoto, huteremka kama mwendawazimu, mikono imetanuka, akicheka peke yake. Kazini kwake hakuna anayemjua mtu huyo. Sisi tunamjua.

Ila si kila mtu anaruhusiwa kukimbia bila sababu, na hili ndilo linaloniudhi. Pwani hii ina kumbukumbu ya mbio za aina nyingine. Kengele ya Kengeleni, upande wa Kisauni, ni ya Freretown, makazi ya waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa 1875, na kengele ile ilikuwepo ili watu wajue hatari inakuja. Waliotoroka mashamba ya mabwana zao walikimbilia misheni ya Rabai, huko juu kwenye vilima, na ilipofika Januari mosi 1889 watoro wapatao 1,400 wa Rabai na misheni nyingine walipewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa. Walikimbia na walikuwa na kila sababu. Labda huko ndiko tulikotoa mazoea ya kumtazama anayekimbia kama mtu aliyetoroka mahali.

Leo mzigo wa mazoea hayo umewaangukia vijana. Kisauni imeteswa na magenge ya wenye mapanga, na watu wana haki ya kuogopa. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na tisa akikimbia alfajiri katika vichochoro vya Mtopanga, akielekea milima ya Nguu Tatu kule nyuma ya Bamburi, sauti moja tu ikipaza neno "mwizi" inaweza kumtoa roho. Kijana mmoja wa huko ambaye hukimbia nasi akipata nauli aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichonunua si viatu. Ni fulana ya mbio fulani za hisani ambazo hakuwahi kushiriki, yenye maandishi makubwa kifuani, aliyoiokota kwenye mitumba ya Kongowea. Viatu vilikuja baadaye. Fulana ile ndiyo cheti chake cha kupita. Mimi, mwenye mvi na tumbo, naambiwa pole. Yeye angeulizwa mambo mengine, na huenda asingepewa muda wa kujibu.

Dada wa duka naye alianza na kikundi si kwa kupenda kikundi. Angetoka peke yake, mashemeji wangekuwa na maneno, na maneno hayo yangepelekwa kwa mume wake, si kwake. Sasa ameshazoeleka. Watoto wa Matuga wanamwita kwa jina akipita.

Kwa hiyo nikiulizwa mbio za ridhaa zina maana gani, jibu langu haliko kwenye kilele, na wala siliamini lile la kwamba maana imo ndani ya mbio zenyewe. Mbio zenyewe ni mateso, mwenye kubisha aje aone. Maana ipo pale mtu anapoweza kufanya jambo lisilomfaa mtu, mbele ya watu, na watu hao wakamwachia. Mwingereza wa 1866 aliligeuza hilo kuwa la mabwana. Sisi tumeligeuza kuwa la wazee wenye fulana nzuri. Wote tumekosea, na kosa letu linarekebishika kwa nauli ya matatu na watu wanne watano.

Mzee wa njia ya Kwale bado anasema pole, lakini siku hizi huwa ameweka ndoo ya maji na kata nje ya uzio. Tunaanzia Kombani, zinaposimama matatu za Kwale, mara tu baada ya alfajiri. Jua likishakaza mlima ule haupandiki. Usiye na kasi, njoo, wa mwisho husubiriwa. Na kama mtaani kwako yuko kijana anayetaka kukimbia akakosa wa kukimbia naye, usimwache atoke peke yake gizani. Mlete.